Kurasa Mia Mbili na Kumi na Nne za Mama Mikono

Baada ya miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku kumi na moja ya utumishi, mkarabati mkuu wa nyaraka wa idara yetu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Hesabu hiyo ya siku si yangu. Mimi niliandika "miaka thelathini na ushei", yeye akakata kwa penseli na kuandika pembeni kwamba ushei si tarehe. Waliofanya kazi naye wataitambua penseli hiyo.

Kwenye barua za ofisi ana jina na cheo, lakini kuanzia walinzi wa getini hadi Mkuu wa Idara, anaitwa Mama Mikono. Jina hilo hakulipata bure. Hakuna binadamu aliyevuka mlango wa chumba cha ukarabati bila kusimamishwa na kuamriwa anyooshe mikono, kwanza viganja, kisha kucha. Mkuu aliyepita alirudishwa bombani mara mbili kwa siku moja kwa sababu ya karanga. Mheshimiwa mmoja aliyekuja kututembelea na wapiga picha wake alitoa mkono akidhani anasalimiwa. Mama Mikono aliupokea, akaugeuza, akaukagua, akamwonyesha sinki. Mheshimiwa akanawa. Picha iliyotoka gazetini ilimwonyesha akijifuta kwa taulo letu, na taulo lenyewe tunalo bado.

Mkuu wetu wa sasa aliponiomba niandike wasifu huu kwa ajili ya kijitabu cha hafla, alinipa nafasi ya kutosha na onyo moja: niandike mazuri, habari ya selotepu niiache. Nikatii. Nilimpelekea mstaafu rasimu ya kwanza, mazuri matupu kutoka juu hadi chini, ikarudi siku hiyohiyo, ushei umekatwa, na chini sentensi moja ya penseli: "Andika kosa langu, au usiniandike kabisa." Nimefanya kazi na hao wote wawili na ninajua ni yupi wa kuogopa. Kwa hiyo habari ya selotepu ninaiandika, tena kwa kirefu, na Mkuu wangu atanisamehe akishakata keki.

Mama Mikono aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na minane, karani wa kupanga majalada. Ukarabati wa nyaraka hakuusomea. Siku zile hapa petu hakuwapo aliyeusomea. Ghala lilikuwa chumba cha chini ya ngazi chenye dirisha moja, na bomba la maji machafu lilipita juu ya rafu likivuja kila lilipojisikia. Ofisi za zamani zilipofungwa, madaftari yao yalishindiliwa kwenye magunia na kubwagwa mlangoni petu. Humo mlikuwa na rejista za vizazi, za vifo, za mashamba, za wagonjwa, zote zimeandikwa kwa mkono, na wino wake ulikuwa umeshatoka kwenye weusi ukawa wa kahawia, na kutoka kahawia ulikuwa unaelekea kutoonekana kabisa.

Katika mwezi wake wa kwanza alikabidhiwa magunia manne kutoka kituo cha kulelea watoto wachanga ambacho kilikuwa kimefungwa miaka mingi nyuma. Ndani ya gunia la pili alikuta daftari kubwa lililoandikwa juu "Rejista ya Tatu". Kila mstari ni mtoto mmoja: tarehe aliyopokewa, umri wa kukisia, jina la mtoto, aliyemleta, jina la mama kama linajulikana, na maelezo. Aliyelitia daftari hilo guniani alikuwa amelikunja ili lienee, na kurasa mia mbili na kumi na nne zilikuwa zimepasuka palepale kwenye mkunjo, kutoka juu hadi chini. Mkunjo ulipita kwenye safu ya jina la mama.

Akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye bidii na asiye na mafunzo angekifanya. Alichukua selotepu. Kwa miezi mitatu alikaa na rula na mkasi, akabandika ukurasa mmoja baada ya mwingine, mbele na nyuma, kwa utepe ulionyooka kama uzi. Mwisho wa mwaka huo alitunukiwa cheti cha mfanyakazi bora, kikatiwa fremu na kutundikwa ukutani. Wenye umri wanasema kilikuwa cheti kizuri, chenye muhuri wa rangi mbili.

Miaka minane ikapita. Siku moja walikuja wageni kumi na mmoja kutoka hazina nyingine za nyaraka, na Mama Mikono akaambiwa awaonyeshe kazi anayojivunia. Akaleta Rejista ya Tatu. Alipoifungua, utepe ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya rangi, mgumu kama ganda la kitunguu, na gundi yake ilikuwa imezama kwenye karatasi na kuigeuza madoa. Alipougusa kwa kidole, kipande kilibanduka chenyewe, na herufi zikabanduka nacho. Mbele ya wageni wote.

Mwingine angelifunga daftari, akasingizia panya au hali ya hewa, akawapeleka wageni kunywa soda. Mama Mikono alisema, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, kwamba kazi hii ni yake na ameiharibu yeye. Kisha akauliza kama kuna yeyote miongoni mwao anayejua jinsi ya kuutoa utepe huo bila kuua maandishi. Alikuwepo mmoja, mama mtu mzima, mkarabati wa miaka mingi, ambaye aliahirisha safari yake kwa siku mbili na kumfundisha kushika kisu butu chenye joto. Hilo ndilo lilikuwa darasa lake la kwanza. Baadaye akaenda masomoni miezi sita, akaenda tena, akawa anayewafundisha wengine. Cheti cha mfanyakazi bora alikitoa ukutani yeye mwenyewe. Kioo chake alikitumia kukandamizia karatasi zenye unyevu, na kilifaa sana kwa kazi hiyo.

Mahali pa cheti alibandika karatasi kubwa yenye miraba mia mbili na kumi na nne, mmoja kwa kila ukurasa alioufunika. Alijiapiza kuibandua selotepu yote kwa mkono wake kabla ya kustaafu, nje ya kazi zake za kawaida, kila Ijumaa mchana, ukurasa mmoja mmoja. Wakuu watatu waliofuatana walimwomba kwa upole aiondoe karatasi hiyo, kwa sababu wageni wanauliza. Alijibu kila mmoja kwamba ndiyo maana iko pale.

Sitaki msomaji afikiri kwamba mtu huyu alitumia maisha yake kubandua utepe. Zile zilikuwa Ijumaa. Jumatatu hadi Alhamisi aliokoa rejista elfu sita na zaidi. Aliandika barua arobaini na tatu kuhusu bomba la maji machafu hadi likahamishwa, nakala zote anazo, na anaweza kukusomea ya kumi na tisa kwa kichwa. Alifundisha wakarabati kumi na saba, ambao wanne kati yao sasa ni wakubwa huko waliko na bado wakimwona wananyoosha mikono kabla ya kusalimia. Mvua ilipoingia ghalani mwaka wa mafuriko, alitandaza kurasa za vizazi vya miaka thelathini kwenye viti vya ukumbi wa mikutano, na kikao cha bodi kikafanyika kwa kusimama. Wajumbe walilalamika. Yeye alishangaa kwamba kuna mtu aliyedhani bodi ndiyo ingepewa viti.

Kipaji chake kikubwa, hata hivyo, kilikuwa kusoma. Miandiko ambayo sisi tuliiona mikwaruzo ya kuku, yeye aliisoma kama barua kutoka nyumbani. Makarani wa zamani, watu ambao hakuwahi kuwatia machoni, aliwajua kwa mikono yao na kuwapa majina. Alikuwepo Bwana Mikia, aliyevuta herufi za mwisho hadi nje ya mstari. Alikuwepo Bibi Haraka, ambaye hakuwahi kuweka nukta mahali pake. Na yule karani wa kituo cha watoto, aliyeijaza Rejista ya Tatu mwanzo hadi mwisho, alimwita Shemeji. Alizozana naye waziwazi. Ukipita mlangoni ungemsikia akinung'unika: "Shemeji, na hapa ulikuwa unasinzia?" Mgeni asiyejua angedhani kuna mtu kajificha kabatini.

Mumewe, dereva wa malori kwa miaka mingi na mcheshi kuliko sisi sote, alitangaza kwenye sherehe ya miaka ishirini ya ndoa yao kwamba yeye ni mume wa pili, wa kwanza amelala kwenye rafu na ana kurasa mia tatu. Binti yao wa mwisho alipoambiwa shuleni aandike insha kuhusu kazi ya mzazi, aliandika kwamba mama yake anafuta vumbi na hapendi kuharakishwa. Mwalimu alimpa alama ndogo kwa ufupi wake. Sisi tungempa zote.

Mimi niliingia idarani miaka kumi na miwili iliyopita, na mashine. Kazi yangu ilikuwa kuchukua picha za nyaraka na kuziweka kwenye kompyuta, na kwa kazi hiyo nikabatizwa Bwana Picha. Katika kikao changu cha kwanza niliahidi, nikiwa na shati jipya, kwamba ghala lote litakuwa kwenye mfumo kwa miezi sita. Mama Mikono hakunicheka. Aliniuliza tu miezi sita ya mwaka gani.

Kosa langu lilikuja mwezi wa nne. Kurasa zilitoka kwenye picha zikiwa na ukungu wa kahawia, nami kwa ujuaji wangu niliiagiza mashine isafishe rangi ya nyuma. Zikatoka nyeupe pe, maneno yamesimama, mtu akiona anasifu. Nilisafisha kurasa elfu tatu kwa namna hiyo. Mama Mikono alikuja kutazama, akavaa miwani, akalinganisha picha moja na ukurasa wake, akaniuliza penseli zimekwenda wapi. Makarani waliandika kwa wino, lakini masahihisho yao waliyaandika pembeni kwa penseli hafifu: mtoto huyu amefariki, shamba hili limeuzwa, jina hili limebadilika. Mashine yangu ilikuwa imeyaosha yote ikidhani ni uchafu. Kwenye ripoti ya mwezi nilitarajia kujiona, lakini hakuandika neno. Aliniambia tu nifike Ijumaa mchana chumbani kwake. Nikaenda nikijua ninakwenda kuoshwa mimi. Badala yake alinionyesha ile karatasi ya ukutani na kunisimulia habari ya selotepu, mwanzo hadi mwisho, kisha akanipa kiti, taa na ukurasa wa kwanza kati ya elfu tatu. Tulimaliza kurudia picha hizo kwa mwaka mmoja na nusu. Sijawahi kumpenda bosi kama nilivyompenda yeye wakati ule, na ninaliandika hili akiwa hana uwezo tena wa kunikata kwa penseli.

Sasa nifike kwa mshonaji.

Alikuja kwa mara ya kwanza miaka kumi na mmoja iliyopita, mama wa miaka arobaini na saba, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni kwa sababu alikuwa ametoroka dukani kwake wakati wa mchana. Alilelewa katika kituo kile. Alijua tarehe aliyopokewa, alijua mstari wake uko kwenye Rejista ya Tatu, na alitaka jambo moja tu, jina la mama yake. Hata la kwake mwenyewe hakulihesabu kuwa mali yake. Watoto waliofika bila jina walipewa kutoka kwenye orodha ya kituo, kwa zamu, na yeye aliambiwa tangu utotoni kwamba lake ni la zamu. Alilisema hilo akicheka kidogo, kama mtu anayesimulia habari za kiatu cha kuazima.

Mstari wake ulikuwepo, ukurasa wa themanini na nane. Tarehe ilisomeka, jina la mtoto lilisomeka. Safu ya jina la mama ilikuwa chini ya selotepu, tabaka mbili, maana pale ufa ulikuwa umegawanyika na Mama Mikono wa miaka ile alikuwa ameongeza utepe wa pili kwa usalama. Hapakuonekana chochote ila kahawia.

Wengine wangemwambia mteja kwamba kumbukumbu haisomeki, wakampa fomu na kumtakia siku njema. Mama Mikono alimketisha. Alimwambia kwamba utepe huo ameubandika yeye, kwa mikono yake, akiamini anasaidia. Akamwambia pia kwamba ameujaribu ukingo wa ukurasa kwa tone la dawa ya kuyeyushia gundi na wino ukatembea, kwa sababu wiki ile Shemeji aliishiwa wino akauongeza maji. "Nikiugusa leo nitakupotezea kabisa," alisema. "Nipe muda nijifunze."

Mshonaji alikunja futi yake, akaikunjua. Kisha akajibu kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuharibu gauni la bibi harusi kwa kukata haraka, kwa hiyo aende polepole, yeye atakuja kuulizia. Na kweli alikuja. Kila baada ya miezi mitatu alipita, mwanzoni kama mteja, baadaye kama ndugu. Koti la kazi analovaa Mama Mikono, lenye mifuko minne na vifungo upande wa nyuma ili visikwaruze karatasi, alilishona yeye. Waliitana "mwenzangu". Waliuguzana, waliozeshana mabinti. Lakini hata siku moja Mama Mikono hakukubali mazungumzo yaanze bila kwanza kumwambia mwenzake hali ya ukurasa wa themanini na nane, hata kama hali ilikuwa ileile.

Miraba ya ukutani ikawa inajaa. Watu wengine waliolelewa kituoni walikuja na kupata majina yao, mmoja baada ya mwingine, na mshonaji alikuwepo siku kadhaa kati ya hizo, akiwapongeza. Mimi nilijaribu njia yangu. Tulipata taa ya mwanga wa zambarau, ile inayofanya wino uliofifia uonekane mweusi kwenye kamera, na nikaharakisha kuuweka ukurasa ule chini yake. Gundi ndiyo iliyowaka. Safu yote ya mama iling'aa kama dirisha la hospitali, na nyuma ya mng'ao huo hapakuonekana kitu. Mashine ilihitaji utepe utoke kwanza, na kuutoa kulihitaji mkono mmoja tu duniani.

Mwanzoni mwa mwaka huu miraba mia mbili na kumi na tatu ilikuwa imejazwa. Mkuu alimshauri, kwa nia njema kabisa, kwamba ukurasa wa mwisho auache kwa vijana, wakati wa kupumzika umekaribia na mikono imechoka. Mikono ilikuwa imechoka kweli. Wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka kidogo asubuhi, na sote tulijitia hamnazo. Alimjibu Mkuu kwamba vijana wana makosa yao wenyewe ya kuja kurekebisha.

Alianza Februari. Hakutumia dawa hata tone, ila joto peke yake na kisu butu, unene wa unywele kwa unywele, akisubiri mkono utulie kila mara. Ijumaa kumi na tatu. Mshonaji alijua, lakini alikataa kuja kutazama. Alisema akiwa pale atavuta pumzi vibaya. Tabaka la kwanza lilitoka mwezi wa tatu. La pili lilitoka katikati ya Mei, saa tisa alasiri, nikiwa nimesimama nyuma yake na taa.

Chini ya utepe, kwenye mstari wa mshonaji, palikuwa na neno moja lililopauka, jina la pili. Jina la kwanza halikuwepo. Karatasi ilikuwa tupu, laini, kama haijawahi kuandikwa. Wino ulikuwa umeondoka na gundi.

Nimemwona Mama Mikono katika mafuriko na katika misiba miwili. Siku hiyo ndiyo nilimwona akilia kwa mara ya kwanza. Alisogeza kiti nyuma kwanza, hatua nzima, ili chozi lisidondokee karatasi, kisha akalia.

Hapa ni lazima nieleze tabia moja iliyotuchekesha miaka yote. Mama Mikono hakuwahi kutupa kipande cha selotepu alichokibandua. Kila kipande alikilaza kwenye karatasi isiyonata, akakitia kwenye bahasha, akaandika namba ya ukurasa. Droo tatu nzima zilijaa takataka hizo, na wasafishaji walikuwa wameziombea ruhusa ya kuzitupa zaidi ya mara moja. Yeye alisema tu kwamba kilichotoka kwenye ukurasa ni mali ya ukurasa. Nilitazama mezani na kuona kile kipande kimelala pale, kikisubiri bahasha yake. Nikakichukua kwa koleo, upande wa gundi juu, nikakiweka chini ya taa ya zambarau.

Gundi iliwaka kama kawaida yake. Lakini safari hii wino haukuwa nyuma ya mng'ao, ulikuwa juu yake, na herufi zilisimama nyeusi, moja moja, zimegeuzwa kama zinavyogeuzwa kwenye kioo. Nikapiga picha. Nilikuwa nahangaika kuigeuza kwenye kompyuta, Mama Mikono akaniambia niache haraka, ameshaisoma. Shemeji ni Shemeji tu, hata akiandika kinyumenyume. Nikauliza imeandikwa nini. Akasema anayestahili kuambiwa wa kwanza si mimi.

Nilimalizia kazi yangu hata hivyo. Niliigeuza picha ya utepe, nikailaza juu ya picha ya ukurasa mpaka nyuzi za karatasi zikakutana, na jina likarudi mahali pake kwenye mstari. Mama Mikono akampigia simu mwenzake.

Mshonaji alifika baada ya nusu saa, na futi yake shingoni. Alinawa mikono bila kuambiwa. Aliketi mbele ya kioo cha kompyuta, akatazama, kisha akasema amesahau miwani nyumbani. Miwani ilikuwa kwenye paji la uso wake. Hakuna aliyemkosoa. Alimwomba mwenzake amsomee.

Kwa miaka thelathini na mmoja Mama Mikono ametukataza kuinua sauti ndani ya chumba kile. Siku hiyo alisimama, akakishika kiti cha mshonaji kwa nyuma, akalisoma jina kwa sauti kamili, kama linavyoitwa jina la mtu aliye ng'ambo ya ua.

Jina la kwanza la mama lilikuwa lilelile la binti. Halikutoka kwenye orodha ya mtu yeyote. Aliyemwacha pale alimwachia la kwake.

Na mshonaji, mwanamke wa miaka hamsini na minane, bibi wa wajukuu wanne, aliposikia anaitwa, aliitika: "Abee."

Hiyo ndiyo habari ya selotepu ambayo Mkuu wetu alitaka niiache. Naamini sasa anaelewa kwa nini nilishindwa.

Rejista ya Tatu imeshaingia yote kwenye mfumo, kila ukurasa na picha ya utepe wake, wala droo zile tatu hakuna atakayezigusa. Wiki iliyopita walikuja watu wengine wawili waliolelewa kituoni, kaka na dada, wakauliza mstari wao. Aliyewahudumia ni mkarabati wetu mdogo kuliko wote. Aliwaambia wanyooshe mikono, akawasomea jina, nao wakaondoka wakilirudiarudia kwenye ngazi.

Mama Mikono, idara nzima inakushukuru: kwa rejista elfu sita, kwa barua arobaini na tatu, na kwa kutuonyesha mtu mzima anavyosema "nimeharibu mimi" na kisha kubaki kazini. Tunamshukuru mumeo kwa uvumilivu wake na tunamrudishia mke wake akiwa mzima. Tunakutakia mapumziko marefu yenye afya, wajukuu wasumbufu, na macho ya kutazama mbali baada ya miaka yote hii ya kutazama karibu. Ukipita mtaani ukasikia mtu anaita mama yake kwa jina, mtu mzima, bila sababu yoyote ya maana, usishangae. Huenda tumemsomea asubuhi ileile.